Kuulaza Mlima

Dar es Salaam, 20 Novemba 1910

Dada yangu Theresia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ikikukuta umesimama utaanza kunigombeza kabla hujafika upande wa pili wa karatasi. Watoto hawajambo? Mguu wa shemeji Leonard umepona? Mwambie nimeonja viazi ulaya vya hapa mjini, havifiki hata magotini mwa vile vyake. Mjomba Pazi mpe shikamoo yangu kabla ya mtu mwingine yeyote, umwulize kikohozi kinasemaje. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho chenye habari.

Habari yenyewe ni hii: nimeanguka mtihani.

Usicheke bado, kuna zaidi. Nimetembea na wapimaji wa reli tangu Pwani hadi Morogoro, mnyororo wao wa kupimia begani mwangu, nikadhani shule hii ya upimaji itakuwa kama kuingia jikoni kwangu mwenyewe. Wenzangu darasani ni vijana ambao ndevu zao bado zinafikiria kama ziote au zisiote. Wananiita Babu. Wamefaulu wote, isipokuwa Babu na kijana mmoja aliyeangusha darubini ya serikali mtoni.

Tulipelekwa Pugu. Wao wanapaita mlimani. Wewe ungepaita kichuguu. Kila mtu akapewa kipande akizunguke kwa vigingi, apime kutoka kigingi hadi kigingi, arudi alipoanzia, kisha akichore. Hesabu zikirudi zikakutana na kigingi cha kwanza, wanasema mzunguko umefunga, na mtu amefaulu. Wangu haukufunga. Ulibaki wazi kama mdomo wa shemeji akisinzia.

Kosa langu nitakuambia, na najua Mjomba atalipenda. Nililaza mnyororo juu ya ardhi. Ukapanda na mteremko, ukashuka na mteremko, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya. Mwalimu wetu Mdachi tunamwita Bwana Timazi, kwa sababu hatembei bila ile risasi yake inayoning'inia kwenye uzi. Akaja akasimama juu yangu.

"Stambuli, unapima nini?"

"Shamba, Bwana."

"Hapana. Mnyororo unashikwa sawa kama maji yaliyotulia, kipande kwa kipande, kama ngazi. Ramani ni karatasi. Karatasi haina mteremko."

"Lakini Bwana, mkulima halimi karatasi. Mteremko wote unalimwa, juu hadi chini, na kunde zinaota kote."

Vijana wakacheka. Bwana Timazi hakucheka. Aliandika kitu.

Sasa, sheria za shule hii zimebandikwa ukutani, na nimezisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitu chochote tangu chuoni kwa shehe. Mtu haingii darasa la dira kabla ya kufaulu la mnyororo, wala la ramani kabla ya kufaulu la dira. Hayo nilipita, kwa kujikwaa, lakini nilipita. Huu wa nje ndio mtihani wa mwisho. Aliyeanguka anapewa nafasi ya kurudia, moja tu, masika yakiisha. Asipotokea siku hiyo anahesabiwa ameanguka. Akianguka tena jina lake linafutwa, na hapokelewi tena maisha yake yote, hata aje amebebwa na liwali.

Na wewe unajua kwa nini nimekuja huku na mvi zangu. Mwakani, baada ya mavuno, wapimaji watapanda kwetu. Kuna Mzungu anataka ardhi ya kahawa upande wetu wa mlima. Serikali inasema palipo na shamba, nyumba au makaburi hapaguswi. Palipo na pori ni pake. Sasa, dada, mashamba yetu yanayopumzika, mgeni akiyaona anaona pori. Makaburi yetu hayana ukuta wala misalaba, anaona msitu. Na anayeandika kitabuni mnyororo umepita juu ya nini, shamba au kaburi au pori, ni msaidizi mwenye cheti. Asiye na cheti anabeba mnyororo na kunyamaza. Mimi nimebeba na kunyamaza vya kutosha.

Kwa hiyo ninarudia. Msomee Mjomba yote, usimfiche hata neno.

Mdogo wako aliyeanguka,
Stambuli


Mlimani, 22 Desemba 1910

Mdogo wangu Stambuli,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Najua hutaitikia, lakini mimi nimekusalimu, kazi imebaki kwako. Watoto wazima. Mguu wa Leonard umepona na sasa hana kisingizio cha kutokwenda shambani. Bernadeta wangu ana mimba na hataki kula chochote ila mihogo mibichi. Noeli inakaribia, masista wametuwekea zamu za kufagia kanisa.

Barua yako ilikaa kwa Petro wa misheni, chini ya kapu la kabichi, ndiyo maana nimeisoma inanuka. Nilikaa kama ulivyoagiza. Kisha nikasimama kukugombeza. Mtu mzima anabishana na mwalimu katikati ya mtihani! Sista Maria angekuchapa viganja.

Nilimsomea Mjomba jikoni, amekaa karibu na moto kwa ajili ya kifua. Nilipofika pale pa kunde akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi nimshike mabega.

"Kwa hiyo huyo Mdachi anataka kuulaza mlima?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Aulaze kwenye karatasi yake. Asubuhi ataukuta umesimama palepale."

Halafu akachokoa moto, akainamisha kichwa, nikadhani amesinzia. Akasema: "Mwambie asigombane na karatasi. Ampe Mdachi ngazi zake. Lakini kwa nini mzunguko wake haukufunga? Mimi mjomba wangu aliponitembeza mipaka tulianzia kwenye lile jiwe letu la makaburini, tukarudi kwenye lile jiwe. Stambuli nilimtembeza vivyo hivyo. Hatukupotea."

Nikamwambia, Mjomba, mimi si mpimaji, niulize habari za maharage.

Akasema pia jina la Pazi, ambalo wewe ndiye utakayelipokea kwake uwe mkubwa wa ukoo, haliwezi kukaa juu ya mtu aliyefutwa ukutani. Alikuwa anatania, lakini jicho halikutania. Basi ujue unarudia mtihani kwa ajili ya nini.

Leonard naye, kwa kuwa hana kazi, ameanza uchokozi. Anasema siku utakayopokea jina nitalazimika kukuamkia mimi, kwa sababu mama yetu alimzidi Mjomba umri na bado alimwamkia tangu siku alipopokea jina mpaka siku anazikwa. Nimemjibu kwamba siku mimi nitakapomwambia shikamoo mtoto niliyemfuta makamasi, mlima utakuwa umelala kwanza.

Nakutumia kunde kavu kidogo. Uwape hao vijana waone kinachoota kwenye mteremko.

Dada yako,
Theresia


Dar es Salaam, 12 Februari 1911

Dada Theresia,

Shikamoo, tena ninaiandika kwa herufi kubwa kuliko kawaida ili uifurahie ungali unaipata. Kunde zimefika. Yakobo, yule kijana aliyeangusha darubini mtoni, ninayekaa naye chumba kimoja, amezila nusu na sasa ananiita Babu kwa heshima zaidi. Bernadeta apewe mihogo yote anayotaka. Mjomba apewe shikamoo na tangawizi niliyofunga humu. Aichemshe, asiitafune kama tumbaku.

Mazoezi yanaendelea. Kila jioni mimi na Yakobo tunapanda ngazi za godauni moja karibu na forodha. Yeye anashika ncha ya mnyororo kwenye ngazi ya juu, mimi nanyoosha usawa wa kiuno changu na kuangusha timazi mpaka ngazi ya chini. Halafu tunashuka, tunarudia. Makuli wanadhani tumetumwa kupima godauni ili livunjwe, wametuletea kahawa mara mbili tuwahurumie. Mgongo unanikumbusha umri wangu, na Bwana Timazi akipita anasema neno lake moja: "Tena." Basi ninafanya tena. Nimeacha kubishana. Nikiwa nimenyoosha mnyororo hewani huwa nafikiria Mjomba akichokoa moto, nami nafunga mdomo.

Sasa kuna jambo. Baba yake Maneno, kijana wa Bagamoyo aliye darasa la dira, amefariki wiki iliyopita. Maneno akaleta barua ya boma, akapewa ruhusa, na mtihani wake mdogo akawekewa siku nyingine. Nikaenda ukutani kusoma kifungu hicho vizuri. Kinasema ruhusa ya msiba inatolewa akifa baba, mama, mke au mtoto. Nikasoma tena kutoka chini kwenda juu, labda nimeruka. Sikuruka. Nikamwendea Bwana Timazi.

"Bwana, mjomba hayumo."

"Mjomba? Baba yako je?"

"Baba alikufa zamani, Bwana."

"Basi huna la kuhofia."

Nikamweleza kwamba kwetu mtu ni wa ukoo wa mama yake. Baba alinilea na nilimpenda, lakini ninayemrithi ni mjomba, na siku ya kumzika mimi ndiye wa kutangulia kutia udongo. Wengine wote wananingoja. Akanisikiliza kwa adabu, lazima niseme kweli. Kisha akasema, "Kwetu, Stambuli, mjomba ni mtu anayekuja na peremende." Akarudi kwenye karatasi zake.

Yakobo akanishauri: "Babu, likitokea la kutokea, sema ni baba. Nani atachimbua kuhakikisha?" Sitasema. Mtu anayetaka kuandika makaburi ya kwao yalipo hawezi kuanza kwa kumzika baba yake mara ya pili.

Kwa hiyo, dada, nakuagiza. Mjomba akizidiwa, niandikie siku hiyohiyo, au mtume mtu mpaka kwa karani wa reli Morogoro anipigie simu ya waya. Nitaweka mnyororo chini nije. Mtihani na uanguke wenyewe, mimi nitakuwa njiani. Umesikia?

Mdogo wako,
Stambuli


Mlimani, 30 Aprili 1911

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Masika ya mwaka huu yamekula njia. Pale njiani tunapopaita mgongo wa ng'ombe udongo umeshuka na mti wake, na Petro hakuweza kupita na makapu yake mwezi mzima. Paa la jikoni limevuja. Maharage ya bondeni yameoza, ya juu yamepona. Bernadeta amejifungua salama mtoto wa kiume, mwenye mapafu, analia mpaka ng'ambo ya mto wanasikia. Leonard mzima.

Umeniuliza, "umesikia?" Nimesikia. Mimi ni mkubwa wako, si kiziwi.

Kikohozi cha Mjomba kimekwisha. Moshi wa jikoni haumsumbui tena. Tangawizi ilifika akainywa, akasema kali kama ulimi wangu. Aliniagiza nikuandikie maneno haya, nami nayaandika kama yalivyomtoka: "Stambuli asinyanyue mnyororo mpaka amerudi alipoanzia." Nilimwahidi nitayaandika. Nimeyaandika.

Baridi imeshuka mapema huku. Kichwa ndicho kinachoniuma kwa baridi, nimekifunga kitambaa maradufu na bado naisikia kwenye ngozi. Leonard vivyo hivyo, anavaa kofia hata wakati wa kula, nimechoka kumsema.

Wazee wa ukoo wanakusalimu. Wamekuwa wakikaa sana hapa kwetu siku hizi, na wanakula.

Usije kabla ya mtihani. Hata ukikutana na mtu wa huku kwenye stesheni akakuambia jambo, watu wa mlimani tunapenda maneno, unatujua. Mtihani kwanza. Mnyororo usawa wa maji. Nakuombea kila asubuhi, hata kama hutaki.

Dada yako,
Theresia


Ngerengere, 14 Juni 1911

Dada Theresia,

Shikamoo.

Barua yako niliipata. Hongera kwa mjukuu. Pole kwa maharage. Pole kwa baridi.

Nakuandikia kutoka Ngerengere. Mtihani wa kurudia hawakuupeleka Pugu. Wametuleta huku kwa gari moshi kwa sababu kuna vilima na mabonde ya kutosha kumwangusha mtu. Tunaanza Jumatatu. Tumepiga mahema karibu na reli, na asubuhi ukungu ukipanda naiona milima ya kwetu yote, imejaa upande mzima wa mbingu. Treni ya bara inapita hapa. Mtu akiidandia asubuhi, jioni yuko Morogoro, na kesho yake yuko kwako.

Nimenyoa nywele zote. Bwana Timazi aliponiona akauliza nina nini. Nikamwambia ni chawa, Bwana, chawa wa chumbani. Yakobo, ambaye hana hata chawa mmoja, akanyoa naye ili nisichekwe peke yangu.

Nisalimie wote wa nyumbani, walioketi na waliolala.

Stambuli


Mlimani, 9 Julai 1911

Stambuli, ndugu yangu,

Sijui umefaulu au umeanguka. Sijui kama hii itakukuta Ngerengere au Dar es Salaam au njiani. Lakini mtihani umekwisha, na mimi ahadi yangu ilikuwa mpaka mtihani uishe.

Mjomba Pazi alifariki katikati ya mwezi wa Machi. Hakuteseka sana. Alikuwa palepale karibu na moto, ameegemea ukuta, akaniomba maji, nikageuka kuchukua kata, nilipogeuka tena hakuyahitaji.

Barua yako ya Februari ilikuwa imefika siku chache kabla. Nilimsomea yote, na lile la kuweka mnyororo chini. Hakucheka safari hii. Akanishika mkono huu ninaoandikia. "Theresia, nikifa asiambiwe."

"Mjomba, yeye ndiye wa kutangulia kutia udongo."

"Udongo utamngoja. Nao si wa kwenda popote, ukiwa bado ni wetu. Akija kunizika mimi, nani atailinda ardhi ya kunizikia?"

Nikabisha. Unajua ninavyobisha. Akasema maneno yale niliyokuandikia, nikaahidi.

Tulimzika makaburini mwetu, chini ya lile jiwe kubwa. Wazee waliuliza: nani anatangulia kutia udongo? Wanaume wakatazama majembe yao, Stambuli. Nikainama nikachota mimi. Mwanamke, tena wa misheni. Mzee mmoja akasema, "Hii ni nini?" Nikamwambia, "Ni mkono wa Stambuli, nimeuazima." Nikatia. Wakatia na wao.

Tangu siku hiyo jina la Pazi halina mtu. Wazee wamenijia mara nyingi, wakitaka mtoto wa mama mdogo apewe ili ukoo usikae bila kichwa. Nimewapikia, nimewasikiliza, nimewaambia mwenyewe yuko kazini. Wanakula halafu wanauliza tena. Sasa hata kuku wangu wananikimbia wakiona mgeni.

Nimekuibia msiba wako. Mimi niliyekubeba mgongoni. Unikasirikie kadiri unavyotaka, una haki, lakini uje unikasirikie hapa, si kwa barua.

Dada yako,
Theresia


Morogoro, 3 Agosti 1911

Dada yangu Theresia,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ajili ya ule mkono ulioniazimia. Shemeji Leonard salaam. Mjukuu wangu aendelee kulia. Kwetu mwenye sauti hakosi kazi.

Nakuandikia nikiwa mjini Morogoro, karibu kiasi kwamba nikipiga kelele labda utanisikia.

Nilijua, dada.

Wewe na Leonard nywele zenu ni kama msitu wa juu kule. Tangu lini baridi ya mlimani ikapita hapo mpaka kwenye ngozi? Inafika kwa aliyenyolewa tu, na kwetu wanaonyolewa ni wafiwa. Niliisoma barua yako ya Aprili mbele ya Yakobo, nikafika kwenye kitambaa maradufu, nikacheka, nikasema huyu dada yangu anazeeka. Halafu nikafika kwenye kofia ya Leonard. Watu wawili wa nyumba moja, vichwa viwili vina baridi. Nikarudi juu nikasoma tena "kikohozi kimekwisha". Yakobo akaniuliza, "Babu, vipi?" Nikamwambia, "Nitafutie wembe."

Siku iliyofuata nilikwenda hadi stesheni na mzigo wangu. Sitakuficha. Nilikaa kwenye benchi. Nilikasirika: na wewe, na ile karatasi ya ukutani, na Bwana Timazi na peremende zake. Treni ikaja, ikashusha watu, ikapandisha watu. Mimi na mzigo wangu tulikuwa tumesimama mlangoni. Lakini yale maneno uliyaandika kwa herufi zako za masista, zilizonyooka kama fito: asinyanyue mnyororo mpaka amerudi alipoanzia. Hilo halikuwa neno la mwanamke wa misheni. Nilimsikia mwenyewe. Nikachukua mzigo nikarudi darasani, nikaambiwa nimechelewa, nikaandikwa kitabuni.

Wala sikukuuliza. Ningekuuliza ungelazimika kunijibu, na ungenijibu ningelazimika kuja. Nikaona tunyamaze wote wawili, kila mtu upande wake.

Ngerengere nilipewa kilima chenye mawe na miiba, na mteremko hasa, si wa Pugu. Bwana Timazi akaniambia, "Chagua mwenyewe kitu cha mbali cha kulengea darubini yako kila asubuhi, kitu kisichosogea." Nikaigeuza kwenye milima ya kwetu, nikatafuta kile kilele chenye bega, kilicho juu ya makaburi yetu. Nikakikamata katikati ya nyuzi za kioo. Kila asubuhi nilianzia hapo. Watu wengine wanamzika mjomba wao kwa jembe; mimi nilimzika kwa darubini, nikiwa nimesimama mbali, kichwa kipara, na jua linakipiga.

Na mnyororo nilishika usawa wa maji. Ngazi kwa ngazi, timazi kwa timazi. Yakobo ndiye aliyekuwa anashika ncha ya pili, akaniambia nimekuwa mkali kama nyoka. Palipokuwa na miiba tuliipita miiba. Sikunyanyua mpaka tukarudi kwenye kigingi cha kwanza. Tulipopiga hesabu hemani, pengo lilikuwa dogo kuliko kiganja changu. Bwana Timazi akapiga hesabu yeye mwenyewe, akidhani nimeongopa. Akapiga tena. Akasema, "Umefunga."

Kisha akanitazama. "Stambuli, mwaka jana ulipima kama mtu anayetembelea shamba. Mara hii umepima kama mtu aliyekasirika. Kuna nini?"

"Nilikuwa na msiba, Bwana. Mjomba wangu."

"Kwa nini hukuomba ruhusa?"

"Mjomba hayumo ukutani, Bwana."

Kisha akafungua sanduku lake la kalamu, akatafuta pembeni, akanipa peremende. Moja. Kwa mikono miwili, kama anavyoona sisi tunavyofanya. Dada, sikujua nicheke au nilie. Niliila palepale mbele yake.

Cheti ninacho. Kina muhuri wenye ndege mkubwa, na jina langu wamelikosea kidogo, lakini ni mimi. Nimepangwa kwenye kikosi kinachopanda kwetu. Anayetuongoza ni mpimaji mwingine, Bwana kijana, mwekundu kama nyanya, hajui mlima, anadhani mashamba yanayopumzika ni nyasi tu. Jana alinitandikia karatasi nyeupe.

"Stambuli, huko juu nahitaji mahali pa kuanzia. Kitu ambacho hakitahamishwa na mvua wala na mtu. Kipo?"

"Lipo jiwe, Bwana."

"Jiwe gani?"

"La makaburini kwetu. Aliye chini yake ni mjomba wangu, na hahamishwi."

Akaandika: jiwe, makaburi ya ukoo. Kwa kalamu ya wino, dada, kabla hata hatujafunga mizigo. Neno la kwanza kabisa kwenye ile karatasi nyeupe.

Sikudanganyi kwamba kazi imekwisha. Mlima utalazwa, na ukilazwa utaonekana mdogo kuliko tunavyoulima. Hilo siwezi kulizuia, karatasi ni karatasi. Na yule Mzungu wa kahawa atakuja na maneno yake. Lakini kila mnyororo utakapopita nitaandika kilichopo chini yake: shamba, shamba linalopumzika na mwenye nalo ni nani, nyumba, kaburi. Tutazunguka ukoo mzima kama Mjomba alivyonitembeza, na tutarudi kwenye jiwe.

Tunaondoka Jumatatu. Mwambie Petro asije akawapita wapagazi wetu na kabichi zake, njia ni nyembamba. Wazee waambie wasimalize kuku.

Mdogo wako,
Stambuli


Mlimani, 5 Agosti 1911

Ndugu yangu,

Safari hii salamu nimeiweka mwisho. Utaona kwa nini.

Barua yako imefika kwa mkono wa Petro, haina hata harufu ya kabichi, aliishika mkononi njia nzima. Nimeisoma nimekaa. Leonard amekwenda kuvua kofia yake, anasema tangu leo haitaki tena.

Nimewasomea wazee. Nilipofika pale Bwana kijana alipoandika jiwe, yule aliyeuliza "hii ni nini" siku ya mazishi akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena. Kisha wakakubaliana: Jumanne utapokea jina kwenye jiwe, mapema, kabla mnyororo haujagusa ardhi. Bwana wako mwekundu akitaka kutazama, atatengewa kigoda. Udongo kidogo tumeuacha pembeni ya kaburi, haujaguswa, nimeufunika na majani ya mgomba tangu Machi na kuyabadilisha kila yakikauka. Huo ni wako.

Pamefyekwa. Jiwe limeoshwa. Kuku amebaki mmoja, nimemficha.

Nami nilisema siku nitakayomwamkia mtoto niliyemfuta makamasi, mlima utakuwa umelala kwanza. Nimetoka nje asubuhi hii kuutazama. Umesimama. Lakini kwa kuwa wewe ndiye unayekuja kuulaza, na cheti unacho, sina tena pa kukimbilia.

Shikamoo, Mjomba Pazi.

Theresia